Sump: neno la kinamasi lililoshuka chini ya mungoti

Wasomaji wetu, kina tata na kina mama wa kambi, na ninyi vijana wa posti ya usiku, leo tunafungua neno moja dogo la Kiingereza. Linaandikwa sump, na mdomo wa Mwingereza unalitamka karibu na «samp». Wale wanaofanya kazi katika makampuni yenye wakubwa waliotoka Afrika Kusini ao Australia wanalisikia kila siku. Liko kwenye ramani za chini, kwenye mbao za manjano, kwenye karatasi za usalama tunazopewa tutie sahihi. Wazee waliofundishwa kazi na Wabelgiji wanakijua kitu chenyewe kwa jina la Kifaransa, puisard. Kitu ni kimoja: ile shimo ya chini kabisa ya mungoti, pahali maji yote yanateremkia na kusimama, kusudi pompi iyavute na kuyapandisha juu.

Kwa nini tusumbue gazeti na neno moja, wakati mishahara haijapanda na bei ya unga haishuki? Juu ya neno lisiloeleweka linaweza kuzamisha mutu.

Katika kampuni moja ambayo hatutaitaja, kijana mmoja, siku yake ya nne ya kazi chini, aliambiwa kwa redio aende pale sump, aangalie kama maji yamepanda. Alijua Kiswahili, Kiluba, na Kifaransa cha shule. Neno lile hakulijua, na kuuliza mara ya pili aliona haya. Akafuata mfereji wa maji kwa akili yake mwenyewe. Lampi ya kichwa ikamwonyesha mbele yake uso mweusi, laini, sawa sakafu ya simenti iliyosuguliwa. Mnyororo wa kuzuia watu ulikuwapo, lakini ulikuwa umeanguka. Ubao ulikuwapo, umeandikwa neno moja tu: SUMP. Akakanyaga. Haikuwa sakafu. Ilikuwa potopoto yenye maji kidogo juu, nayo ilimshika mpaka kifuani. Mzee mmoja wa pompi alisikia kelele, akamtupia kamba, akamvuta kwa msaada wa wenzake wawili. Kijana aliokoka, kiatu kimoja kilibaki.

Delege wetu alipouliza katika mkutano wa usalama kwa nini ubao haukuandikwa Kiswahili, alijibiwa ya kama neno hili halina Kiswahili, ni neno la kitaalamu.

Basi sisi tukatafuta. Neno la kitaalamu linatoka wapi? Lilizaliwa na taalamu gani?

Halikuzaliwa na taalamu yoyote. Lilizaliwa kwenye matope.

Zaidi ya miaka 500 iliyopita, katika Kiingereza cha zamani za kati, neno hilo lilitamkwa «sompe», na maana yake ilikuwa kinamasi: ardhi ya chini iliyolowa, maji yasiyo na njia ya kutoka, majani marefu, mbu, na ng'ombe wa jirani aliyezama. Ndugu zake wako ng'ambo ya bahari, kule Uholanzi na Ujerumani. Wajerumani wanasema Sumpf mpaka leo, na kwao neno hilo moja ni kinamasi cha porini na pia ni shimo la maji chini ya mungoti. Waswidi nao wanalo. Kwao sump ni kinamasi, na ni vilevile yale masimbi ya kahawa yanayobaki chini ya sufuria. Mwenye kunywa kahawa bila chujio anajua vizuri sana picha hiyo: kilicho kizito kinashuka, kinakaa chini, na mdomo unakikuta mwishoni.

Wataalamu wa lugha wanaliweka neno hili pamoja na lingine la Kiingereza, swamp, ambalo ni kinamasi pia. Ni ukoo mmoja. Tena ukoo mzima ni wa wakulima na wavuvi, watu wa kijiji wenye miguu mitupu. Hakuna profesa ndani yake.

Sasa tujiulize, sisi watu wa Katanga, kama lugha yetu ni maskini mbele ya kitu hicho. Maji yaliyosimama tunayo kila pahali. Nyuma ya nyumba baada ya mvua ni kidimbwi. Ikikaa wiki mbili na kuwa kijani, ni dimbwi. Kule Bukama na Upemba kuna mabwawa ambayo mutu anaweza kwenda na mtumbwi siku nzima bila kuona nchi kavu. Kwenye uwanda, pale mito inapoanzia, kuna dembo, bonde la majani linalokunywa mvua ya masika na kuitoa pole pole wakati wa kiangazi. Na potopoto, neno ambalo hata mtoto wa miaka miwili analijua, juu mama yake amekwisha kumpigia kelele mara mia. Kisha Kiswahili kina kitenzi kizuri kuliko vyote, kutuama. Maji yanatuama: yanaacha kukimbia, yanatulia, na uchafu unashuka chini. Maji yaliyotuama yanaweza kuoza, ni kweli. Lakini maji ya mtungi nayo yanatuama usiku, na asubuhi mama anayachota yakiwa safi.

Hiyo ndiyo kazi ya sump, yote mawili. Maji ya mungoti yanaingia humo machafu, yana unga wa mawe, yana mafuta ya machini. Yanatulia. Matope yanashuka chini, maji ya juu yanapungua uzito, na pompi inaweza kuyavuta bila kula meno yake. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina neno la kueleza kitu hiki hajauliza mama yeyote mwenye mtungi.

Turudi kwa Waingereza, juu ya safari ya neno kutoka porini mpaka chini ya mawe ina mambo ya kutufaa.

Katika miaka ya 1600, sehemu kubwa za mashariki ya Uingereza zilikuwa vinamasi. Serikali na matajiri waliviona kama nchi iliyopotea bure. Mwaka wa 1626 mfalme Charles wa Kwanza alifanya mapatano na Mholanzi mmoja, Cornelius Vermuyden, akaushe kinamasi kikubwa cha Hatfield Chase. Mholanzi alileta wafanyakazi wa kwao, akachimba mifereji, na malipo yake yalikuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Lakini pale palikuwa na wenyewe. Watu maskini walivua samaki na kuwinda bata humo, walikata matete ya kuezeka nyumba, walilisha ng'ombe wakati maji yalipopungua. Kwao kinamasi hakikuwa nchi iliyopotea, kilikuwa ghala. Walivunja kuta za mifereji, walipigana na wafanyakazi wa Vermuyden, na ugomvi ule ulidumu miaka mingi. Wasomaji wanaoishi karibu na eneo lenye karatasi ya kampuni, pahali shamba la bibi limekuwa «concession» kwa siku moja, hawatahitaji maelezo zaidi.

Huyu Vermuyden hakubaki porini tu. Katika jimbo la Derbyshire kulikuwa na mungoti wa risasi, yaani plomo, ulioitwa Dovegang. Ulikuwa na madini mazuri lakini maji yaliwashinda wachimbaji. Kuanzia mwaka wa 1632 mpaka karibu na 1651 alichimbisha humo njia ndefu chini ya kilima, yenye mteremko mdogo, ili maji yatoke yenyewe upande wa bonde. Mutu yule yule, akili ile ile: kinamasi cha juu na kinamasi cha chini vinakaushwa namna moja, kwa kuyapa maji njia. Hatusemi ni yeye aliyelishusha neno. Lakini ni katika miaka ile ile ya 1650 ndipo neno sump linaonekana limeandikwa kwa Kiingereza kama neno la mungoti: shimo linalochimbwa chini kwa kukusanya maji. Na maandishi, kama tunavyojua, huja nyuma ya midomo. Wachimbaji hawakungoja mutu wa kalamu.

Kabla ya hapo walikuwako wachimbaji wa Kijerumani, na hawa walikuwa watu wa shaba kama sisi. Katika miaka ya 1560, malkia Elizabeth wa Kwanza alitaka shaba yake mwenyewe, juu ya mizinga ilihitaji shaba na yeye alikuwa anainunua nje. Waingereza hawakujua kazi hiyo vizuri. Wakaitwa mabingwa kutoka Ujerumani, chini ya Daniel Höchstetter, mutu wa Augsburg, wakafanya kazi katika milima karibu na mji mdogo wa Keswick. Wenyeji hawakuwapenda mwanzoni: wageni, lugha yao haieleweki, wanapewa kazi na pesa. Kulikuwa na mapigano, na Mjerumani mmoja aliuawa. Baadaye wengi wakaoa mabinti wa Keswick na ugomvi ukapoa kwenye meza ya chakula. Mungoti wao mmoja waliuita zawadi ya Mungu, Gottesgab kwa lugha yao. Masikio ya Waingereza yakaligeuza jina hilo kuwa Goldscope, na ndivyo linavyoitwa mpaka leo. Tunawapenda watu hawa wa Keswick. Wageni na wenyeji walisikilizana vibaya, wakaharibu maneno, na kazi ikaenda.

Namna Wajerumani walivyopigana na maji inaonekana katika kitabu kikubwa cha mingoti cha zamani, kilichoandikwa kwa Kilatini na Georgius Agricola na kutolewa mwaka wa 1556, yeye akiwa amekwisha kufa. Agricola alikuwa munganga. Alikaa katika mji wa mingoti ulioitwa Joachimsthal, na kutoka jina la mji huo, kwa sarafu zake za fedha, likatoka neno thaler, na mwishoni dola. Ndiyo, dola tunayohesabu kila mwisho wa mwezi ni mtoto wa kambi ya wachimbaji. Katika picha za kitabu kile maji yanachukua nafasi kubwa kweli: watu wanazungusha magurudumu kwa miguu, farasi wanazunguka, minyororo yenye vitambaa inapanda ndani ya mabomba, ndoo za ngozi zinafuatana. Nguvu yote hiyo, watu na wanyama, ni kwa kumwaga maji tu, kabla ya jiwe moja la shaba kutoka.

Hapa tukae kidogo, juu ya ni pahali sisi watu wa chini tunasahauliwa katika hadithi za wenye akili.

Pompi ya kuvuta ina mpaka. Mwaka wa 1638 Galileo, mwanasayansi wa Italia, alitoa kitabu kilicho kama mazungumzo, na mmoja wa wanaozungumza anaeleza ya kama aliita fundi atengeneze pompi iliyokataa kupandisha maji. Fundi akamwambia pompi haina ugonjwa. Maji yenyewe yakishuka chini kupita kipimo fulani, pompi ya kuvuta haiwezi kuyapandisha, hata unywele mmoja zaidi. Kipimo hicho ni karibu mita 10. Fundi alijua, wenye vitabu hawakujua. Miaka michache baadaye Torricelli, aliyekuwa karibu na Galileo mwishoni mwa maisha yake, alieleza sababu: si pompi inayovuta, ni uzito wa hewa ya nje unaosukuma maji yapande. Hapo ndipo kilitoka chombo cha kupima uzito wa hewa. Hapa kwetu Katanga, juu tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mpaka wa pompi unapungua. Ndiyo maana pompi kubwa haziwekwi juu karibu na ofisi, zinawekwa chini karibu na sump, na zinasukuma maji kwa ngazi: kutoka tanki moja mpaka lingine, mpaka jua lionekane. Na pompi ikikaa chini, mutu wa pompi naye sherti akae chini.

Machini ya mvuke nayo, ile iliyobadilisha dunia nzima, ilizaliwa kwa shida hii. Mwaka wa 1698 Thomas Savery alipata hati ya chombo cha kupandisha maji kwa moto, na akakiita rafiki ya mchimbaji. Mwaka wa 1712 Thomas Newcomen, muuza vyombo vya chuma wa Dartmouth, alisimamisha machini iliyofanya kazi kweli kwenye mungoti wa makaa karibu na Dudley. Garimoshi lilikuja karibu miaka 100 baadaye. Machini za viwanda zilifuata pia. Shule zinafundisha watoto habari ya garimoshi. Shimo la maji lililoanzisha mambo hayo yote halitajwi.

Tulisema neno halikuzaliwa na taalamu, lakini kazi yenyewe ina taalamu. Mutu wa pompi anajua kwa sikio kama chujio la bomba limeziba. Anajua ya kama maji yaliyosimama muda mrefu penye mbao zilizooza yanaweza kuficha hewa ya sumu, na ukiyakoroga inatoka, yenye harufu ya yai bovu, na pua ikizoea haiisikii tena. Anajua ya kama hewa mbaya nyingine ni nzito na haina harufu, inalala mahali pa chini, pale pale alipo yeye. Anajua siku ya kusafisha matope. Posti yake haitoi tani hata moja. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mkubwa wa hesabu, yeye ni gharama. Kampuni ikitaka kupunguza watu, jina lake linakuwa juu.

Lakini angalieni Kipushi. Mungoti ule ulianza katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1993 Gécamines ilisimamisha kutoa madini humo. Kusimamisha madini si kusimamisha maji. Kwa miaka kama 18 baada ya hapo, pompi ziliendelea kuvuta, mchana na usiku, katika mungoti usiouza kitu, miaka ile ambayo wafanyakazi wa Gécamines walijua maana ya kungoja mshahara miezi na miezi. Watu hao hawakupigwa picha. Mwaka wa 2011 pompi kubwa za chini zikashindwa, na maji yakapanda. Kilichokuwa mungoti kikaanza kurudi kuwa kinamasi, kama neno lenyewe linavyosema. Kampuni ya Kanada iliyoingia wakati huo ilisumbuka mpaka mwishoni mwa 2013 kabla ya watu kufika tena kwenye ngazi kubwa ya kazi, mita 1,150 chini, na zenki ilianza kutoka tena mwaka wa 2024. Hesabu wenyewe ni kiasi gani cha pesa kilitumika kurudisha kile ambacho pompi na watu wake walikuwa wanakilinda.

Hata Shinkolobwe ilipitia hapo. Ilikuwa imefungwa mwaka wa 1937 na maji yakaijaza. Vita kubwa ya pili ilipofika na Amerika ikataka uranium yake, jeshi lao lilituma mainjenieri wake huku Katanga. Kabla ya bomu, kwanza sherti kutoa maji.

Kuna neno lingine la Kiingereza ambalo wasomaji wataliona kwenye habari za bei ya shaba: slump. Linafanana na sump kwa sauti, lakini si ndugu wa damu. Ajabu ni kwamba nalo limetoka kwenye matope. Katika miaka ya 1600 kitenzi hicho kilikuwa na maana ya kutumbukia ghafla katika kinamasi, pale unapofikiri unakanyaga nchi ngumu. Mwishoni mwa miaka ya 1800 watu wa soko la hisa wakalichukua kwa kusema bei imeanguka. Gazeti hili, upande wa Kifaransa, linapenda kuandika «marasme», na wengi wetu tulidhani linatoka kwa «marais», kinamasi. Hapana. Hilo ni la Kigiriki, maana yake ni kukonda mpaka kuisha, na mama waliokwenda na watoto hospitalini wanalijua kutoka kwa wanganga. Kwa hiyo bei ya shaba ikianguka, Mwingereza anasema imetumbukia kwenye matope, Mfaransa anasema imekonda. Kwenye kambi vyote viwili vinaingia mlango mmoja.

Na puisard? Hilo linatoka kwa «puits», kisima. Ule mkia «-ard» katika Kifaransa mara nyingi una harufu ya dharau, kama katika «soûlard», mlevi. Mfaransa ameona kisima kilichoharibika, Mwingereza ameona kinamasi kilichoshuka. Kila mmoja alichukua neno la nyumbani kwake na kulivalisha kofia ya chuma. Hakuna aliyengoja ruhusa. Sisi tumependekeza kwa kampuni ile ubao huu: SHIMO LA MAJI. POTOPOTO NDEFU. USIKANYAGE. Na chini yake kipimo cha mita. Neno sump libaki pembeni, hatulifukuzi, mkubwa naye ana haki ya kuokoka. Mpaka tunapoandika, ubao wa zamani ungali pale pale, ila mnyororo umerudishwa.

Lakini ubao hauwezi kusaidia kwa maji ambayo hakuna anayejua yako wapi, na hapo ndipo tuna haraka zaidi. Mungoti wa zamani ulioachwa ni sump moja kubwa isiyo na pompi. Unajaa kimya. Kisha watu wengine, miaka 30 ao 100 baadaye, wanachimba kando yake wakifuata jiwe, na ukuta unabaki mwembamba. Tarehe 21 Machi 1973, kule Lofthouse katika Yorkshire, wachimbaji wa makaa walifikia shimo la zamani la karne iliyopita, limejaa maji. Watu 7 walikufa. Mwili mmoja tu ulipatikana. Baadaye Uingereza ikatoa sheria mpya juu ya maji ya namna hiyo. Mwaka wa 2002, Quecreek katika Pennsylvania, mambo yale yale: ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha mwisho wa kazi za mungoti wa jirani. Maji yakaingia. Watu 9 walikaa chini zaidi ya masaa 70, na walitolewa wazima kwa tundu lililochimbwa kutoka juu. Hawa walikuwa na ramani, mbaya lakini ramani. Ndugu zetu wanaochimba kwa mukono kwenye maeneo ya zamani hawana hata hiyo. Wanafuata jiwe na taa ya tochi, masika yakipiga juu ya vichwa vyao.

Sehemu ya ramani hiyo iko bado, katika vichwa vya wazee. Mutu aliyefanya kazi chini miaka 25 anakumbuka ni njia gani ilifungwa na ukuta wa mbao, ni upande gani maji yalianza kutiririka na kapita akasema tuache. Wengi wao wanakaa katika nyumba zenu, kwenye kiti cha mlangoni, na hakuna anayewauliza kitu isipokuwa kama wamekunywa dawa. Waulizeni jioni hii. Ngazi gani, upande gani wa shimo la kushukia, mwaka gani, maji yalikuwa yanatoka ukutani ao chini. Mtoto anayejua kuandika aandike kwenye daftari jinsi mzee anavyosema, kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni Kiswahili cha kambi, hata kama anachora kwa kidole mchangani na mtoto ananakili. Kisha mpeni delege wa posti yenu, mvua za mwezi wa 11 hazijaanza.